Buletini ya Ebola ilihesabu nani?



Kila mara ugonjwa mukubwa unapoingia mu inchi yetu, telefone zetu zinajaa vitu viwili. Cha kwanza ni hesabu: wagonjwa wapya ngapi, waliokufa ngapi, waliopona ngapi. Cha pili ni mashauri: nawa mikono, usiguse mugonjwa, usishike maiti, piga simu ku namba fulani. Tuliviona na Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri toka 2018, tukaviona na Covid mu 2020, na mpox mu 2024, na tena na Ebola ya Bulape, kule Kasai, mu 2025. Na kila mara sisi wenye diplome tunagawanyika. Kuna wenye wanasambaza hesabu bila kuisoma, na wanaongeza chini yake kwamba watu wetu ni wabishi. Kuna wenye wanacheka tu: hii ni biashara ya wakubwa, hakuna ugonjwa.

Mimi naona wote wawili hawakusoma. Njo maana nimerudia zile buletini za Ebola ya kumi, ile ya toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, pamoja na mashauri yaliyotembea nazo, kama vile mutu anasoma kitabu juu ya kukitolea maoni. Juu buletini nayo ni maandiko. Kuna mwenye aliiandika, kuna kile alichagua kuweka, na kuna kile aliacha inje. Maoni yangu ni haya: hesabu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya upande mumoja. Ilihesabu vizuri ugonjwa na watu wenye kuugua. Kazi ya wale waliokuja kutusaidia iliingia mule kama orodha ya vitu walivyotoa. Makosa yao hayakuwa na mustari. Na mashauri yalitembea njia ile ile: yalimwambia mutu afanye nini, bila kuhesabu ile kitu itamugarimu nini.

Tuanze na haki

Tarehe 24 Julai 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola ya Équateur imeisha. Juma moja tu nyuma yake ikatangaza ingine, mara hii mu Mangina, zone de santé ya Mabalako, teritware ya Beni. Toka pale Minisiteri ya Afya ikaanza kutoa buletini karibu kila siku, zone kwa zone: Mabalako, Beni, Kalunguta, Butembo, Katwa, Mandima. Hiyo si kitu kidogo. Mu Afrika ya Mangaribi, Ebola ya 2014 ilitembea miezi mbele haijajulikana jina, na mwishoni iliua watu zaidi ya 11.000. Kwetu jina lilijulikana mapema, na hesabu ilitolewa mbele ya watu wote.

Ndani ya ile buletini mulikuwa aina tatu za wagonjwa, na ni hapo wengi wetu tulianza kupotea. Mwenye kushukiwa, au suspect, ni mwenye yuko na alama za ugonjwa lakini jibu la laboratware halijafika. Mwenye kuthibitishwa, au confirmé, ni mwenye laboratware imekuta virusi ndani yake. Na probable ni mutu aliyekufa na kuzikwa mbele hawajamupima, lakini inajulikana kwamba aligusana na mugonjwa. Wenye kusema "wanaongeza hesabu juu ya feza" walipenda kunyooshea kidole ile aina ya tatu. Lakini angalieni hesabu ya mwisho: wagonjwa wote 3.470; kati yao 3.317 walithibitishwa, na 153 tu walikuwa probable. Kama ilikuwa mupango wa kuongeza, ulikuwa mupango wa wavivu. Mimi naona kinyume. Mutu aliyekufa mu kijiji bila kupimwa alipewa fasi yake mu hesabu, lakini hakuchanganywa na mwenye alipimwa. Huo ni unyoofu wa kazi.

Tena, chanjo ilianza tarehe 8 Agosti 2018, juma moja nyuma ya tangazo, na mwishoni watu zaidi ya 300.000 walikuwa wamechanjwa. Mu Agosti 2019 jaribio la dawa lililofanyika mu miji yetu lilionyesha dawa mbili zenye kuponyesha. Moja kati yao, mAb114, ilitoka ku damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kwa hiyo mwenye kusema Ebola ilikuwa hadisi, aniambie kwanza ile makaburi 2.287 ni ya nani. Maneno yangu hapa hayako ya kumusaidia yeye.

Hesabu moja tuliyoruka

Sasa, buletini ilipofika mu telefone zetu, tulisoma nini? Tulisoma "wagonjwa wapya 10, kifo 7", tukasikitika, tukasambaza. Kumbe ile namba ya wagonjwa wapya, peke yake, haituambii kama ugonjwa unashindwa ao unashinda.

Fikirini namna Ebola inapiganishwa. Mutu akigonjwa, wanaandika kila mutu aliyegusana naye: mwenye alimulisha, mwenye alimubeba ku moto, mama aliyelala naye kitanda kimoja, munganga aliyemupiga shindano. Hao wanaitwa contacts. Wanachanjwa, na wanafuatwa siku 21, juu ndani ya siku 21 kama mutu alishika virusi alama zitatokea. Mutu wa orodha akianza homa, wanamuchukua siku ile ile, mbele hajaambukiza wengine. Sasa chukueni siku mbili. Siku ya kwanza wagonjwa wapya 10, na 9 kati yao walikuwa ku orodha. Siku ya pili wagonjwa wapya 10, na 2 tu walikuwa ku orodha. Telefone inaonyesha 10 na 10. Lakini siku ya kwanza ni moto wenye umezungukwa. Siku ya pili ni moto wenye unatembea mu majani na hatuuone: kila mumoja wa wale 8 aliambukizwa na mutu fulani, na ule mutu hajulikani yuko wapi.

Hesabu ile ilikuwako. Ilionekana mu ripoti za kila juma za OMS, na mu maneno ya wenye kufanya kazi. Mu Machi 2019 kiongozi wa Médecins Sans Frontières, Joanne Liu, alitangaza mu Geneva kwamba mu majuma matatu yaliyotangulia, wagonjwa 43% wa Katwa na Butembo hawakuwa na uhusiano wowote wenye kujulikana na mugonjwa mwingine, na kwamba zaidi ya 40% ya vifo vilikuwa vinatokea inje ya vituo vya kutunza Ebola. Yaani mutu anafia nyumbani, familia inamuosha, inamulilia, na ugonjwa unapata contacts wapya wenye hawataandikwa. Nimeuliza wenzangu wengi wa promotion yetu: nani anakumbuka ile 43%? Hakuna. Wote wanakumbuka jumla ya vifo. Tulishika hesabu ya kutia woga, tukaacha hesabu ya kutuelekeza.

Kuna jambo lingine. Namba ikishuka, tulifurahi. Lakini mu Kivu namba inaweza kushuka juu wenye kuhesabu wamefunga milango. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwisho wa Februari 2019. Kila mara mashambulizi yalipotokea, timu zilisimama siku kadhaa, contacts hawakufuatwa, na kiisha wagonjwa waliongezeka. Namba inaweza pia kupanda juu timu imefika kijiji chenye haikuwa inafika, na hiyo ni habari njema. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili vizuri: mwenye anahesabu mihogo yenye ugonjwa kwa kutembea paka kandokando ya barabara, mwishoni atachora karte ya barabara, haitakuwa karte ya ugonjwa.

Neno "résistance"

Kati ya maneno yote ya kipindi kile, lenye linanisumbua zaidi ni "résistance". Familia ikikataa kutoa maiti, résistance. Kijana akitupa jiwe ku gari ya riposte, résistance. Mama akikimbia na mutoto wake mwenye homa, résistance. Neno moja kwa mambo matatu yenye hayafanane. Yule wa kwanza anataka kuzika baba yake. Yule wa pili amekasirika. Yule wa tatu anaogopa. Ukiwaweka wote mu kapu moja, hutajua namna ya kuongea na hata mumoja.

Na ile kasirani ilitoka wapi? Mu Beni watu walikuwa wanachinjwa toka Oktoba 2014. Miaka karibu ine walilia, na musaada wenye walikuwa wanaomba, yaani usalama, haukufika sawasawa. Kiisha Ebola inafika, na mu majuma machache barabara zinajaa magari, wageni, na feza. Mutu anajiuliza swali lenye kila mutu mwenye akili angejiuliza: kumbe waliweza kuja? Basi kwa nini hawakuja wakati ule?

Kiisha tukafika tarehe 26 Desemba 2018. CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na inchi yote, watapiga mu Machi 2019. Ebola ilitajwa kuwa sababu, pamoja na usalama. Mu Machi raisi mupya atakuwa amekwisha kuapishwa. Na siku zile soko lilikuwa wazi, kanisa lilikuwa wazi. Kesho yake wenye kuandamana mu Beni walishambulia kituo cha wagonjwa wa kushukiwa, na wagonjwa wengine wakakimbia. Hilo lilikuwa jambo baya, na lilitia watu wengi mu hatari. Lakini tarehe 30 watu wa Beni walifanya nini? Walipanga kura yao wenyewe, kura ya mufano, na mu foleni walinawa mikono mbele ya kupiga. Fikirini ile picha kidogo. Watu wenye tuliita wabishi walifuata shauri la afya, kwa hiari yao, siku ile serikali iliwaambia kwamba afya njo inawanyima sauti. Walikuwa wameelewa shauri vizuri kabisa. Kile walikataa ni kitu kingine.

Watafiti walikuwa wameyaona haya mapema. Mu Septemba 2018 waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mutu 1 juu ya 4 alisema haamini kwamba Ebola iko. Hiyo njo hesabu yenye ilitembea mu magazeti ya dunia. Lakini mu uchunguzi ule ule, mutu 1 tu juu ya 3, hata chini kidogo, alisema anaamini viongozi wa fasi yake kwamba wanatafuta mema yake. Na wenye hawakuamini viongozi, ni wao hao hawakupenda chanjo wala kwenda kwa munganga. Ukisoma hesabu ya kwanza bila ya pili, utatuma wahubiri. Ukisoma zote mbili, utajua kwamba hakuna affiche itaponyesha lile jambo.

Sisemi hivi juu ya kusamehe mauaji. Dokta Richard Mouzoko, munganga Mukameruni wa OMS, aliuawa mu Butembo tarehe 19 Aprili 2019, akiwa mu kazi, ndani ya hospitali. Na walikufa pia watoto wa inchi hii wenye walifanya ile kazi, watu wenye waliacha familia zao asubui na hawakurudia. Mwenye alishika bunduki hakuwa mama mwenye kuogopa. Hata hiyo njo sababu nakataa lile neno: linaweka muuaji na mama mu mustari mumoja.

Mistari yenye haikuwako

Nilisema buletini ilikuwa ya upande mumoja. Nitoe mifano miwili.

Wa kwanza ni surua, ile tunaita rougeole. Mu 2019 na mwanzo wa 2020, wakati macho yote yako ku Ebola, surua ilitembea mu provinsi zote za inchi. Mwanzo wa Januari 2020 OMS ilihesabu vifo zaidi ya 6.000, wengi wao watoto. Ni karibu mara tatu ya vifo vya Ebola ile yote. Chanjo ya surua iko toka zamani. Mama wa kijijini mwenye alizika mutoto wake na surua, akaona magari kumi yanapita mbele ya nyumba yake kutafuta Ebola, huyo mama hahitaji kusoma hadisi za mutandao juu ya kuwa na mashaka. Mashaka yake yalitoka ku kile macho yake yaliona.

Wa pili ni muchungu zaidi. Mu Septemba 2021 tume huru iliyowekwa na OMS ilitoa ripoti yake juu ya unyanyasaji wa wanawake wakati wa riposte. Ilitaja watu 83 wenye kushitakiwa, na 21 kati yao walikuwa wanatumikia OMS. Wanawake walieleza namna waliahidiwa kazi, ao waliogopeshwa kuipoteza, wasipokubali kulala na mukubwa fulani. Haya yalitendeka miezi ile ile tulikuwa tunapokea buletini. Watu wa mitaa walijua, walikuwa wanasema. Lakini mu hesabu zetu za kila siku hakukuwa mustari wa mambo ile, na mwenye aliyasema aliwekwa upande wa wenye kusambaza uongo. Ndugu zangu, sisi pia tuliwaweka kule.

Mwenye kutetea buletini atasema: kazi ya karatasi ile ni kufuata virusi, haiko tribinali. Ni kweli. Lakini tuliambiwa kila siku kwamba shida ya riposte ni imani ya watu. Kama imani njo ilikuwa shida, basi kile kilivunja imani kilistahili kuhesabiwa, sawa vile dozi za chanjo zilihesabiwa.

Shauri lenye halijui bei yake

Sasa mashauri. Acheni nilete mufano wa kazi yangu, juu unanisaidia kueleza.

Mwanzo wa miaka ya 2000, ugonjwa wa kunyausha migomba, wenye wataalamu wanaita BXW, ulionekana mu Masisi. Kiisha ukasambaa mu Kivu. Bakteria yake inapita ku panga, ku vidudu vyenye vinatembelea ua la ndizi, na ku watoto wa mugomba wenye tunahamisha ku shamba lingine. Shauri la kwanza tulilofundisha lilikuwa hili: mugomba mumoja ukishikwa, ngoa shina lote pamoja na watoto wake wote, zika. Ku karatasi ni sawa kabisa. Wakati wa stage, mama mumoja mu Masisi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, nikishaondoa yote, watoto watakula nini mpaka mwaka kesho?" Sikuwa na jibu. Mu ripoti niliandika kwamba wakulima bado wanahitaji kuhamasishwa.

Watafiti walirudia kuangalia, na Kivu ya Kusini ilikuwa moja ya fasi walijaribia. Wakaona kwamba bakteria haifike mara moja mu kila mutoto wa shina. Shauri likageuka: kata ule tu wenye kuonyesha alama, chini kabisa ku udongo, pitisha panga ku moto, rudia mara kwa mara mpaka alama ziishe. Hilo wakulima walilishika. Yule mama hakubadilika akili. Shauri njo lilibadilika, likaanza kuhesabu na chakula chake.

Na Ebola tuliona mambo ile ile. Mwanzoni shauri "peleka mugonjwa mapema" lilimaanisha nini kwa familia? Kumutoa mutu wako kwa wageni wenye kufunikwa uso, nyuma ya plastike, na kumuona tena akiwa mu gunia, ao usimuone kabisa. Kiisha mu Beni wakaleta vyumba vya kuta zenye kuangaza, vile ALIMA iliita CUBE: familia inaweza kusimama inje na kumuona mugonjwa, kuongea naye. Watu wenye walipona Ebola wakachukuliwa juu ya kulea watoto wenye mama zao wako ku kitanda, kwa kuwa mwili wao ulikuwa na kinga. Na nyuma ya Agosti 2019 ilijulikana kwamba mwenye kufika mapema na kupewa dawa, karibu 9 juu ya 10 wanapona. Shauri lilibaki na maneno ile ile, "peleka mapema", lakini bei yake ilishuka na faida yake ilipanda. Mbele ya pale, tulikuwa tunawaomba watu walipe bei kubwa juu ya kitu chenye hatukuwa na hakika nacho, na tuliwaita wajinga walipokataa.

Tena kuna luga. Translators without Borders walichunguza mambo ile mu Goma mu 2019, na waliona kile kila mutu wa Goma angewaambia bure: affiche za Kifaransa, na zile za Kiswahili cha mbali, hazishikwe vizuri, watu wanataka Kiswahili chenye wanaongea nyumbani, na wanataka maelezo, hawataki amri tu. Fikirini neno "suspect". Kwa munganga ni mutu mwenye kungojea jibu la laboratware. Mu midomo yetu, suspect ni mutu mwenye polisi inatafuta. Nani atafurahi kuitwa vile mbele ya jirani zake?

Hata kunawa mikono kuko na bei. Goma iko ku pembeni ya ziwa, lakini mu kartye nyingi maji yanafika ku kichwa cha mutoto, mu bidoni ya litre 20, na bidoni inalipwa. Affiche yenye inasema "nawa mikono mara kwa mara" bila kusema maji yatatoka wapi, iliandikwa na mutu mwenye anafungua robine.

Covid ilitukuta na tabia ile ile

Mutu angefikiri kwamba miaka karibu mbili ya Ebola ilitufundisha. Mugonjwa wa kwanza wa Covid alitangazwa mu Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 24 raisi akatangaza hali ya dharura. Buletini ikarudia: wapya, waliokufa, waliopona. Safari hii tulikosa hata kuuliza swali rahisi kuliko yote: wamepima watu wangapi? Siku nyingi vipimo vilikuwa vichache, na karibu vyote vilipita Kinshasa. "Mugonjwa 0" ya provinsi yenye haijapima mutu haiko habari. Na shauri la "baki nyumbani" lilipewa mama mwenye anauzisha nyanya asubui juu ya kupika jioni.

Kiisha chanjo. Mu Machi 2021 Kongo ilipokea dozi 1.700.000 za AstraZeneca. Serikali yenyewe iliahirisha kuanza, juu mu Ulaya kulikuwa maneno ya damu kuganda, na kazi ilianza mu Aprili. Mwishoni dozi karibu 1.300.000 zilitolewa zipelekwe inchi zingine za Afrika mbele haziharibike. Na tulisema nini? Tulisema watu walikataa. Wengi walikataa, ndiyo. Lakini wa kwanza kusita ilikuwa serikali, na pengine ilikuwa na haki ya kusita. Mutu wa kawaida akisita kwa sababu ile ile, tunamupa jina lingine.

Sisi tufanye nini

Najua jibu lenye litatoka: wakati wa hatari hakuna wakati wa kufikiri hivi, tunatii kwanza. Ningekubali kama ilikuwa hatari ya siku tatu. Ebola ya kumi ilimaliza miezi karibu 23. Miezi 23 inatosha kuongeza mustari mumoja ku buletini.

Sisi hatuandike buletini za Minisiteri. Lakini mu familia zetu, ni sisi wanapigia simu. Tanti anauliza: ile chanjo nichukue? Mukubwa wa kijiji anauliza: ile karatasi inasema nini? Pale njo kazi yetu inaanza, na naomba tuifanye namna hii. Ugonjwa ukirudia, na utarudia, mbele ya kusambaza hesabu tutafute kwanza kama wagonjwa wapya walikuwa ku orodha ya contacts, ngapi walifia nyumbani, na ngapi wamepimwa. Mbele ya kusambaza shauri, tujiulize itamugarimu nini yule tunamutumia, na kama kuna namna ya kupunguza ile bei: jirani mwenye maji, mutu wa familia aruhusiwe kusimama ku mazishi, shauri liandikwe mu Kiswahili cha nyumbani. Na mutu akitueleza ubaya alioona kwa wale wenye kusaidia, tusimuite musambaza uongo mbele hatujamusikiliza.

Mimi mwenyewe bado niko na ile ripoti ya Masisi mu ordinateri yangu. Pale niliandika "wakulima bado wanahitaji kuhamasishwa", nilipashwa kuandika swali la yule mama.